Picha za samaki kwenye tangi la kioo cha kupinda, mbona zatoka ovyo?

bwana_goldfish
Asalaam aleikum wapenzi wa samaki. Nimenunua tangi la mitumba huko Nyali kwa mtu alokua akihama, lile ambalo kioo cha mbele kimebinuka kama tumbo, lita kama 120 hivi, na kwa macho mashallah ukikaa nalo sebuleni hutaki kuinuka. Balaa ni picha. Dada yangu yuko Maskati, kila siku ataka kuona goldfish wangu, nami nikimpiga samaki atoka mrefu kama mkunga wa baharini, kichwa chaonekana mkia ukungu, na juu yake niko mimi mwenyewe kifua wazi na kikoi, nyuma dirisha na nguo zilizoanikwa. Juzi nimemtumia moja akaniuliza, huyu ni samaki ama ni wewe umeingia majini? Simu ya kawaida tu, ina kamera tatu nyuma. Fleshi nimejaribu ikawa nuru nyeupe tupu. Kuna njia ama niliuze nitafute la kioo kilonyooka?

fundi_picha_makadara
Usiuze yakhe. Simu haina kosa. Kioo cha kupinda kikishakua na maji nyuma yake ni lenzi hiyo, tia kijiko ndani ya bilauri ya maji utaona kilivyonenepa. Tangi lako limepinda kwa upana peke yake, juu kwenda chini limenyooka, ndo maana samaki avutwa ubavuni tu, na fokasi nayo yachanganyikiwa. Ukipiga kwa mshazari ndo waharibu kabisa. Simu iangalie kioo uso kwa uso, uisogeze mpaka ikaribie kugusa, kwa sababu hapo yaona kupitia kipande kidogo cha kioo na kipande kidogo hakijapinda sana. Tumia kamera ya kawaida au ile ya 2x, yenye kukuza mara mbili, ya kuchukua eneo pana wachana nayo. Ila samaki akija kubusu kioo simu haitamshika, nyingi zataka nafasi ya kama sentimita 10, mngoje arudi nyuma.

Na hicho kifua chako 😂 zima taa za chumba, shusha pazia, uwache taa ya tangi tu. Ndani kukiwa na nuru kushinda nje, kioo hakina cha kukurudishia.

UmmuSamaki
Mimi nikipiga huvaa buibui, wallahi si mzaha, nyeusi haionekani kwenye kioo. Na leso naizungusha baina ya simu na kioo, hapana nuru ya pembeni yaingia. Lakini kaka umekipangusa kioo kwanza? Haya maji yetu ya kisima yana chumvi, yakikauka yaacha alama nyeupe nawe utadhani ni ukungu wa kamera. Siki kidogo kwenye kitambaa, upande wa nje tu, usipulizie isije ikadondokea samaki. Na kama tangi ni la plastiki ngumu si kioo, usisugue wala usiegemeze simu, lachubuka upesi.

Langu mimi ni bakuli la duara, lile halina upande wa haki hata mmoja, kwa hivo nazima pampu ya hewa maji yatulie nawapiga kutoka juu. Wachina zamani wakiwafuga goldfish kwenye mitungi na wakiwatizama hivyo hivyo toka juu, na yule wa mikia miwili ukimuona kwa juu utasahau ubavu wake.

pwani_lenzi
Nunua filta ya polaraiza, yaondoa mng'ao wote, mambo kwisha

fundi_picha_makadara
@pwani_lenzi hiyo yafanya kazi ukipiga kwa mshazari, nyuzi kama 55 hivi. Uso kwa uso haikati kitu, yala nuru tu. Na mshazari kwenye kioo cha kupinda tushasema ni mkunga. Pesa hiyo anunue chakula cha samaki.

Kingine nilisahau, picha ikitoka na mistari mistari myeusi ni taa. Stima yetu ni hertzi 50, taa nyingi za bei rahisi zapepesa mara 100 kwa sekunde bila ya wewe kuona. Ingia modi ya pro ya kamera, ile ya kupanga mwenyewe, uweke muda wa kupokea nuru (shata) 1/100 ya sekunde. Samaki mwenye mbio ataka 1/200 kwenda juu lakini goldfish mnene huyo ana haraka gani.

UmmuSamaki
Kwani tangi la tumbo si mbavu zake huwa zimenyooka? Piga kwa ubavuni basi!!

bwana_goldfish
Dada UmmuSamaki Mungu akuweke, miezi mitatu nakaa na tangi hili na ubavu sijauona, nimeuegemeza kwenye kabati. Jana nimelivuta kidogo, pazia chini, na kabla sijashika simu stima ikapotea mtaa mzima. Nikaweka tochi ya simu ya mke wangu juu ya mfuniko, nikapiga na yangu. Magamba yahesabika moja moja, na kifua hakipo. Dada amejibu saa hiyo hiyo, ataka video. Pampu nayo ilizimika na stima, iliporudi ikawa yanguruma bila kutoa maji, sasa niko nayo chini naifungua, mwenye kujua aseme.