Msuko wa ngozi wa mpini wa kisu unajipinda

Mafundi, nasuka pambo la kuning'inia kwenye mpini wa kisu, kanda nne, msuko wa mviringo. Ngozi ni ya soko la Kariokor, Nairobi, kanda za milimita 3. Nikifika katikati unajipinda na kanda moja inageuza upande wa nyama (ule wa ndani, wenye nyuzi) nje. Shida nini?

— Mvuto hauko sawa. Kisu kiwe ndani ya ala, mpini ubane kwenye jiliwa (kifaa cha kubania). Kanda ya nje kulia ipite nyuma ya mbili za kati, irudi mbele juu ya moja. Kisha ya kushoto vivyo hivyo. Kila zamu kaza zote nne, uso laini ukitazama nje.

— Pia cheki ngozi. Iliyolainishwa kwa kromu (kemikali ya kutengenezea ngozi) hunyumbuka mno. Tafuta iliyolainishwa kwa magome ya miti. Ipanguse kwa sponji yenye unyevu, usiiloweke: ikilowa hurefuka, ikikauka hunywea na msuko unaachia mianya. Kwa msuko wa sentimita 10, tumia kanda mbili za sentimita 50, zipitishwe kwenye tundu la mpini na kukunjwa katikati ziwe nne.

— Ukimaliza, viringisha msuko chini ya ubao ungali na unyevu. Hapo ndipo unakuwa duara kweli.

— Shukrani. Nilikuwa nimeloweka usiku kucha!