Naomba ushauri: bibu za mtoto zinakunjamana shingoni

Habari zenu, ndugu wanachama. Ninawashonea watoto wachanga bibu (vitambaa vya kufunga shingoni ili mate yasiloweshe nguo) kwa cherehani ya kawaida ya miguu, isiyo na mshono wa zigizaga. Mbele ninaweka kitenge cha pamba na nyuma kitambaa cha taulo, kwa kuwa taulo hunyonya mate vizuri.

Tatizo langu ni pindo la shingo. Ninashona vitambaa hivyo viwili ndani nje, nikiacha nafasi ndogo ya kugeuzia, lakini nikishageuza, mzingo wa shingo hukunjamana, na baada ya kufua hali huzidi. Nimejaribu kufua na kupiga pasi vitambaa kabla ya kukata, pia kukatakata ukingo kwa mkasi karibu na mshono. Nafuu imepatikana upande wa kitenge tu.

Naomba kuuliza: je, niendelee kugeuza, au nizungushie utepe wa kitambaa kilichokatwa kwa mshazari? Na shingoni nifunge kwa nini, ikizingatiwa kwamba kamba ndefu naziogopa kwa usalama wa mtoto, ilhali velkro (utepe wa kubandika na kubandua) hunasa nyuzi za taulo wakati wa kufua?

Natanguliza shukrani.