Rottweiler wa miezi 9 anachechemea, na daktari kasikia sauti ya ziada kwenye moyo. Nimpandishe?

Baba Kaizari
Wakuu habari za jioni. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu na mbwa wa mbegu.

Nina Rottweiler dume, miezi 9, kilo 43. Ana cheti cha ukoo kinachoonyesha wazazi hadi mababu. Siku hizi akiamka asubuhi miguu ya nyuma ni migumu, anajivuta, na akikimbia anairusha yote miwili kwa pamoja kama sungura. Akishatembeatembea inaachia kidogo. Nikampeleka kwa daktari wa mifugo, naye alipomsikiliza kifua akasema moyo una sauti ya ziada, nitafute sehemu yenye utrasaundi.

Aliyeniuzia anasema ni upungufu wa kalsiamu tu, nimpe unga wa mifupa na vidonge. Wakati huohuo kuna jamaa ana jike zuri, anataka Kaizari ampande akitimiza mwaka, na ameahidi kunipa mtoto mmoja nitakayemchagua.

Hii habari ya kalsiamu ni kweli? Nianze na kipimo gani, maana hela yenyewe si nyingi? Na kumpandisha je? Huyu mbwa tunampenda sana nyumbani. Natanguliza shukrani.

Mzee wa Kibanda
Pole sana kaka. Nilikuwa na German Shepherd mwenye shida hiyohiyo ya nyonga. Kilichomsaidia ni kupunguza uzito na kuogelea, maana maji yanambeba huku misuli ya mapaja ikijengeka. Mpeleke baharini jioni. Na usimpe diclofenac wala ibuprofen za duka la dawa, hata kama kuna mtu amekuambia kipimo. Zinatoboa tumbo la mbwa na kuua figo.

Daktari Moro
Mimi ni daktari wa mifugo. Mzee yuko sahihi kabisa kuhusu dawa, ila kuogelea kusubiri kwanza. Mbwa mwenye sauti ya ziada moyoni asikimbizwe wala kuogeleshwa mpaka tujue ni nini.

Nianze na moyo kwa sababu ndio unaonitia hofu. Rottweiler ni miongoni mwa mbwa wanaorithi ugonjwa wa kuziba kwa njia ya damu chini kidogo ya vali ya aota. Wengine ni Golden Retriever, Boxer na Newfoundland. Hapo huota ukingo wa nyama ngumu, na moyo unalazimika kusukuma damu kwa nguvu kupita kwenye njia nyembamba. Mtoto anaweza kuzaliwa na dalili hafifu, kisha njia ikazidi kubana kadiri anavyokua. Mwenye hali ndogo anaweza kuishi maisha yake yote vizuri. Mwenye hali kali anaweza kuzimia akicheza, au kufa ghafla angali kijana bila kuonyesha dalili yoyote kabla.

Zipo sauti zisizo na madhara kwa watoto wa mbwa, lakini nyingi hupotea kabla ya miezi 6. Huyu ana 9. Kinachotakiwa ni utrasaundi ya moyo yenye Doppler, inayopima kasi ya damu. Uliza hospitali ya wanyama ya SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo), Morogoro, wakuelekeze.

Halafu mpangilio wa vipimo: moyo kwanza, nyonga baadaye. Eksirei nzuri ya nyonga inahitaji mbwa alazwe chali, miguu inyooshwe, na mara nyingi hapo ni dawa ya usingizi. Anayempa usingizi lazima ajue hali ya moyo wake. Siku hiyo mwambie daktari akague na magoti, kwa sababu Rottweiler hukatika kano za goti wakiwa wadogo, na mtu akalaumu nyonga bure.

Kalsiamu: kama anakula nyama tupu bila mifupa, upungufu unawezekana. Ila kummwagia vidonge na unga wa mifupa juu ya chakula kilichokamilika ni hatari. Mbwa wa aina kubwa akiwa mdogo hawezi kuizuia vizuri kalsiamu iliyozidi, na matokeo yake ni gegedu na mifupa kukua vibaya.

Mama Simba
Baba Kaizari, shika mbavu zake. Usipozisikia kwa urahisi chini ya vidole, basi amenenepa. Kuna utafiti wa Marekani uliofuata Labrador 48 maisha yao yote. Nusu walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko ndugu zao. Hao waliopunguziwa waliishi karibu miaka miwili zaidi, na nyonga zao ziliharibika kidogo na kwa kuchelewa. Hapa kwetu tunasifia mtoto wa mbwa akiwa bonge, na nyonga ndizo zinazolipa.

Otis wa Nairobi
Kuhusu kupandisha, kaka, hapana. Cheti cha ukoo, kiwe cha East Africa Kennel Club au cha Ulaya, kazi yake ni kukuonyesha nani kamzaa nani. Kama kuna babu aliyetoka Ujerumani, angalia panapoandikwa HD na ED, yaani nyonga na viwiko. Kwa mfumo wa FCI, shirikisho la kimataifa la vyama vya mbwa, nyonga hupewa A hadi E, na A ndiyo nzuri. Viwiko ni 0 hadi 3, na 0 ndiyo safi. Pakiwa patupu, hakuna anayejua.

Ugonjwa wa nyonga unatokana na jeni nyingi kwa pamoja, ndiyo maana wazazi wanaokimbia vizuri kabisa huzaa mtoto kama wako. Hata mbwa mzima, OFA ya Marekani, taasisi inayokagua eksirei za nyonga za mbwa, haimpi daraja rasmi la nyonga kabla ya miezi 24. Sasa huyo jamaa anataka mwaka mmoja?

Baba Kaizari
Asanteni sana wakuu. Nimempigia mwenye jike, nimemweleza yote, amenielewa. Unga wa mifupa nimeusitisha, na Kaizari anatembezwa kwa kamba polepole tu. Morogoro nimeshaulizia, tunajipanga kwenda. Daktari, je, nimhasi mapema ili kusiwe na ajali getini?

Daktari Moro
Subiri. Kuhasi nako ni usingizi, kwa hiyo majibu ya moyo yaje kwanza. Halafu mbwa mkubwa akihasiwa mapema sana viungo vinaweza kuumia zaidi, tutaliangalia hilo akishakomaa. Kwa sasa funga geti. Na ukiweza, wapate walionunua ndugu zake wa tumbo moja, uwaambie wakapimwe moyo.