Naomba ushauri: kupiga picha okidi za Kitulo

Habari zenu wadau. Februari napanda tena Kitulo, hifadhi ya maua kusini mwa Tanzania, ile "Bustani ya Mungu", kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi. Mara iliyopita nililala kifudifudi kwenye nyasi zilizolowa, okidi moja ndogo iko puani kabisa, tone la maji likining'inia kwenye petali. Upepo haukutulia hata dakika. Picha zote zimetikisika. Niongeze kasi ya shata, au niwahi alfajiri?

Linaloniumiza zaidi ni hili: viazi vya okidi huchimbwa na kupelekwa Zambia kutengenezea chikanda, chakula cha viazi hivyo vilivyosagwa na karanga. Nikirusha picha mtandaoni, nitaje eneo au nifiche? Natamani sana watu wayaone maua haya, ila sitaki picha yangu imwonyeshe mchimbaji njia.