Tumelipa 120,000 kujifunza uandishi wa habari za uchaguzi Tanga, tukaishia kuvalishwa fulana za chama

Wakuu salaam. Nina hasira, na nimeshindwa kulala nayo siku ya tatu leo.

Nasoma stashahada ya uandishi wa habari, mwaka wa pili. Jina la chuo sitaji, la chama sitaji, la mgombea sitaji. Nataka tu mjue tulichofanyiwa.

Tulitangaziwa ziara ya mafunzo ya siku tano mkoani Tanga, kujifunza siasa na namna ya kuripoti kampeni. Mchango shilingi 120,000 kila mtu, na atakayekosa hana alama za fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Mama yangu anauza vitumbua. Hela ile aliikopa kwenye kikoba chao na bado anairejesha. Tuliahidiwa kuwa tutakwenda kwa msimamizi wa uchaguzi, tuone ratiba ya mikutano inavyopangwa ili vyama visigongane, tuhudhurie mikutano ya vyama tofauti, halafu tukae na waandishi wazoefu wa mkoa. Mimi nilifurahi kwelikweli. Tanga Mjini si jimbo la kubeza. Mwaka 2015 wananchi wake walimpeleka bungeni mbunge wa chama cha upinzani, CUF, na 2020 jimbo likarudi CCM. Mwanafunzi wa habari angetaka nini zaidi?

Tukashuka kwenye basi, moja kwa moja uwanja wa Tangamano, kwenye mkutano wa kampeni. Hata mabegi hatujaweka. Mkufunzi akasimama mlangoni na boksi la fulana na kofia za chama kimoja: "Vaeni, mtapita getini bila usumbufu." Nikamuuliza, mwalimu, mwandishi anavaaje sare ya anayemwandika? Akanijibu niache ujuaji. Sikuvaa. Wenzangu wengi walivaa, na siwalaumu, alama zetu ziko mkononi mwake. Wakapangwa mbele ya jukwaa, wakaambiwa washangilie kila mgombea akinyanyua mkono. Nusu ya picha za mkutano ule zilizosambazwa WhatsApp ni sura za darasa letu!

Sasa sikieni la idadi. Nilihesabu viti chini ya maturubai: mistari kumi na miwili ya viti ishirini, yaani 240. Waliosimama pembeni, pamoja na bodaboda, hawakufika 150. Nikaandika "wananchi wanaokaribia 400". Mkufunzi akakata kwa kalamu nyekundu, akaandika "maelfu". Nikaandika pia kuwa mgombea aliendelea kuhutubia baada ya saa 12 jioni, muda ambao maadili ya uchaguzi yanataka mikutano iwe imefungwa. Adhana ya magharibi ilimkuta bado ameshika kipaza sauti. Aya nzima ikafutwa. Jioni tukaletewa habari iliyokwishaandikwa na watu wa kampeni, tukaambiwa kila mmoja ainakili kwenye daftari lake la mafunzo kama kazi yake.

Usiku hotelini ikaja karatasi ya kusaini. Shilingi 10,000 kila mtu, imeandikwa "nauli". Nauli gani, na basi tumelilipia wenyewe? Aliyetugawia ni mkufunzi yuleyule aliyetufundisha darasani kwamba Mahakama Kuu iliifuta takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, mwaka 2006, na kwamba kuna Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inayodhibiti fedha za kampeni. Mtihani wake niliufanya na nikafaulu. Sikusaini. Kesho yake nikaambiwa mbele ya wenzangu kuwa sina nidhamu.

Lakini lililoniumiza kuliko yote lilitokea Pangani.

Tulifika mapema karibu na kivuko, msafara wa mgombea ukiwa bado njiani. Nikakaa na bibi mmoja anayekaanga samaki. Nikamwamkia, nikamwambia mimi ni mwanafunzi wa habari, nikamuuliza angependa wagombea waulizwe nini. Hakufikiri hata kidogo. Akasema, "Mwanangu, mjamzito akishikwa na uchungu usiku huko Bweni, ng'ambo ya mto, anavukaje kuja hospitali? Hilo tu. Mie mkwe wangu tulimvusha kwa mtumbwi, mvua inanyesha." Akaniuliza, "Utaliandika?" Nikamwambia, bibi, nitaliandika.

Mgombea alipofika na kumaliza kuhutubia, nikanyoosha mkono. Mkufunzi akanivuta shati kwa nyuma, akanong'ona kuwa mimi ni mgeni hapa, nisimharibie mahusiano. Swali halikuulizwa. Mgombea akapanda gari, vumbi likatimka, wakaondoka. Nikaandika habari ya bibi yule usiku, maneno 300, nikaikabidhi. Ilirudi na alama ya mkasi na neno moja pembeni: "Uchochezi". Swali la mjamzito kuvuka mto ni uchochezi?

Mkutano wa chama kingine chochote hatukuhudhuria. Hata mmoja, siku zote tano. Siku moja mkutano wa wapinzani ulikuwa Makorora, hapohapo Tanga mjini, tungefika kwa bajaji, lakini tuliambiwa tupumzike hotelini. Kwa msimamizi wa uchaguzi hatukufika. Waandishi wa mkoa hatukuwaona, ila wawili waliokuja na msafara.

Kuna watakaosema nimalize chuo kwanza ndiyo niongee. Sheria ya Huduma za Habari ni ya 2016, na chini ya kanuni zake bila stashahada sipati kitambulisho cha uandishi. Kwa hiyo ninachofundishwa sasa ndicho nitakachokwenda kukifanya. Na darasa zima limefundishwa kuongeza watu mkutanoni, kunakili habari ya mgombea na kusaini bahasha.

Ninachotaka: turudishiwe mchango, majina ya wanafunzi wa chuo yaondolewe kwenye orodha ile ya "nauli", na alama za fildi zisitegemee kunakili habari ya uongo.

Daftari la mafunzo linakusanywa Ijumaa. Langu lina viti 240, lina saa 12 jioni, na lina swali la bibi wa Pangani kama alivyolitamka. Nitalikabidhi hivyohivyo. Mliowahi kupeleka malalamiko ya aina hii mkasikilizwa, niambieni barua niipeleke kwa nani na niiambatanishe na nini. Nakala za ile habari waliyotuletea ninazo, na picha ya boksi la fulana ninayo.