Kwa kuzuia mitupo, nani hasa kinara: Olajuwon, Eaton au Bol?

Swali

Ndugu zangu, naomba mnitatulie jambo moja. Katika orodha ya wazuiaji wa mitupo wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, jina linalotangulia ni la Hakeem Olajuwon, mwenye mitupo 3,830. Lakini nikihamia safu ya wastani kwa mchezo, namkuta Mark Eaton akiwa juu kwa 3.50 na Manute Bol akimfuata kwa 3.34, ilhali Olajuwon ana 3.09. Ni yupi anayestahili kuitwa kinara? Na kwa nini Bill Russell, ambaye waliomwona wanamsifu kuliko wote, hana hata mtupo mmoja humo?

Jibu la kwanza

Nianze na Russell, kwa kuwa hapo ndipo ulipo mzizi wa tatizo. NBA ilianza kuhesabu mitupo iliyozuiwa msimu wa 1973–74. Russell alikuwa amestaafu tangu 1969, na Wilt Chamberlain, mpinzani wake mkubwa, alicheza msimu wake wa mwisho 1972–73, yaani alitoka hesabu ikiwa mlangoni. Hata Kareem Abdul-Jabbar, wa tatu kwa mitupo 3,189, aliingia ligini 1969, hivyo misimu yake minne ya ujana haimo. Dikembe Mutombo, wa pili, anamzidi kwa mitupo 100 tu. Sioni namna ambavyo misimu minne isingeziba pengo hilo. Tena rekodi ya mchezo mmoja, mitupo 17, iliwekwa na Elmore Smith wa Lakers Oktoba 1973, mwezi uleule hesabu ilipoanza, na hadi leo haijavunjwa. Kwamba Chamberlain hakuwahi kufika hapo, mimi siamini.

Jibu la pili

Ama kuhusu jumla na wastani, kila safu inajibu swali lake. Olajuwon alicheza michezo 1,238, Eaton 875, na jumla humtuza aliyedumu. Wastani nao hauonyeshi dakika: Bol, kwa maisha yake yote ya ligi, alicheza chini ya dakika 20 kwa mchezo, kwa hiyo ukipima kwa dakika anawaacha wote wawili mbali. Huyu ndiye mchezaji aliyezuia mitupo 2,086 na kufunga pointi 1,599, jambo ambalo kila nikilisoma hunichekesha. Kwa msimu mmoja hakuna mjadala, kwani Eaton alizuia 456 mwaka 1984–85, wastani wa 5.56. Hata hivyo mimi ningemchagua Olajuwon, kwa sababu mbali na kuzuia alipokonya mipira zaidi ya 2,000, na hakuna mwingine aliyefikisha elfu mbili katika safu zote mbili.

Muulizaji

Nashukuru. Basi Victor Wembanyama tumweke wapi, maana aliongoza ligi kwa wastani wa 3.6 katika msimu wake wa kwanza, 2023–24?

Jibu la pili

Asilinganishwe bado na waliokwisha kustaafu, kwa kuwa wastani wa maisha hushuka miguu inapochoka. Olajuwon mwenyewe alikuwa na 4.6 msimu wa 1989–90, na alipomalizia Toronto 2001–02 alikuwa na 1.5.