Wanafunzi wa ubunifu wa michoro na wateja halisi: tuyaendesheje mafunzo haya?

Mkufunzi_Moro

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha ubunifu wa michoro ngazi ya stashahada hapa Morogoro, na kila mwaka wanafunzi wetu huenda kwenye mafunzo kwa vitendo. Wanaporudi nasoma vitabu vyao vya kumbukumbu za kazi, na ninaumia: wapo walioshinda wiki nzima wakitoa fotokopi, na wapo waliokaa katika ofisi nzuri ya matangazo bila kuruhusiwa kuhudhuria hata kikao kimoja na mteja. Programu za kompyuta wanazimudu, lakini hawajui kumsikiliza mtu asiyejua kuchora akieleza anachokitaka, wala kumweleza kwa heshima kwa nini pendekezo lake halitafaa.

Muhula ujao nafikiria kuwaalika wafanyabiashara wadogo, hasa wasindikaji wa vyakula na vikundi vya ushonaji, walete kazi zao chuoni, nao wanafunzi wazishughulikie tangu mazungumzo ya kwanza hadi zitakapochapwa, mimi nikiwa msimamizi. Waliowahi kufanya hivi walifanikiwaje? Na je, mteja alipe, au kazi iwe ya bure kwa kuwa ni ya kujifunzia?

Mchapaji_Kariakoo

Mwalimu, salaam. Wazo ni zuri, ila nakuomba usiishie kwenye mchoro uliopendeza kwenye skrini. Faili nyingi ninazoletewa na vijana waliotoka vyuoni haziwezi kwenda mashineni zilivyo: rangi zimeachwa katika RGB, mfumo wa rangi za skrini, badala ya CMYK, mfumo wa rangi 4 za wino, picha zimetolewa WhatsApp na zikikuzwa zinavunjika, na pembeni haikuachwa ile milimita 3 ya ziada inayoilinda kazi wakati wa kukata. Linaloniumiza zaidi ni maandishi madogo meusi yaliyotengenezwa kwa rangi zote 4, kwa sababu bamba la rangi moja likisogea kidogo tu kila herufi inapata kivuli, na vipeperushi vyote vinakuwa hasara. Mlete kijana asimame mashine inapotoa nakala za kwanza, aione bluu yake ya skrini ikigeuka zambarau kwenye karatasi. Hapo hutahitaji kumsukuma akarekebishe faili.

Kuhusu malipo, kazi ya bure siiungi mkono hata kidogo. Mjini humohumo wamo vijana wanaoishi kwa kutengeneza nembo na kadi, na chuo kikitoa huduma hiyo bila malipo kitakuwa kinawanyang'anya riziki wahitimu wake wenyewe. Tena mteja asiyelipa hana haraka ya kujibu.

Mama_Alizeti

Mwalimu, naomba nami niseme kwa upande wa mteja. Ninasindika mafuta ya alizeti Singida, na lebo ninayoitumia sasa ilitengenezwa na wanafunzi walioletwa na mkufunzi wao. Walifika hadi kwenye mashine ya kukamulia, kisha wakaenda madukani kutazama chupa zinavyopangwa.

Lebo ya kwanza ilikuwa na nyekundu na manjano za kupendeza sana, na hata bakodi, ile mistari inayosomwa na mashine dukani, waliifanya nyekundu ili ilingane na nyingine. Mkufunzi aliliona hilo lakini hakuwasahihisha palepale. Aliwaagiza waichape kwenye karatasi wakaijaribu supamaketi. Mashine ilikataa katakata, kwa kuwa mwanga wa kisomaji ni mwekundu na mistari ya rangi hiyo huiona sawa na weupe wa karatasi. Waliporudi waliifanya nyeusi juu ya nyeupe, wakaacha na nafasi tupu kulia na kushoto.

Kulikuwa na jingine kubwa zaidi. Walikuwa wamenakili maelezo kutoka lebo ya zamani iliyoitaja TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, ilhali usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa TBS, shirika la viwango, mwaka 2019. Ikawabidi wakasome masharti ya lebo za chakula: viambato, ujazo, tarehe ya kutengenezwa na ya kwisha muda, anwani ya mzalishaji. Ni baada ya hapo walipoacha kuniuliza ninapenda rangi gani, wakaanza kuniuliza mnunuzi wangu anatafuta nini kwanza anaposhika chupa.

Nililipia uchapaji, nauli na kifuta jasho. Ndugu Mchapaji, ninakuelewa, lakini bei ya ofisi ya matangazo ya Dar es Salaam nisingeiweza, kwa hiyo sidhani kama kuna aliyepokonywa kazi. Kilichoniudhi ni muda: mitihani ilipokaribia walipotea, na lebo zikanifikia maonesho ya Nanenane yakiwa yamekwisha.

Mbunifu_Nairobi

Mwalimu, hujambo. Ninaongeza jambo moja tu, nalo ni makubaliano ya maandishi. Nilipokuwa mwanafunzi nilichora nembo katika ofisi niliyopelekwa, mteja akaichukua na kuitumia, lakini nilipotaka kuionyesha kwa waajiri niliambiwa si yangu, nami sikuwa na karatasi ya kunitetea. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kama ile ya Tanzania ya mwaka 1999, inatofautisha haki za kiuchumi na haki za kimaadili, mojawapo ikiwa mtunzi kutambuliwa kuwa mtunzi. Basi kabla penseli haijagusa karatasi, mteja, chuo na mwanafunzi watie saini makubaliano yanayosema nani atamiliki kazi ikikamilika, iwapo mwanafunzi ataruhusiwa kuionyesha, marekebisho yatafanywa mara ngapi, na tarehe ya kukabidhi ni ipi. Mwanafunzi mwenyewe ndiye aiandike rasimu hiyo na kumsomea mteja, kwa sababu hapo ndipo wengi hugundua kwamba hawakuelewana.

Mkufunzi_Moro

Nawashukuru sana. Dada wa Singida, la muda limenigusa kuliko yote. Nitapokea kazi mwanzoni mwa muhula tu, na zote zitakabidhiwa kabla ya majuma ya mitihani, hata ikibidi tupokee wateja wachache. Mteja atalipia uchapaji na kifuta jasho cha wanafunzi, na anayeweza kumlipa mbunifu wa mjini nitamwelekeza huko. Rasimu ya makubaliano nitaiweka hapa ikiwa tayari, mnikosoe. Ndugu Mchapaji, ungekubali kupokea kikundi kimoja kimoja siku ya kuchapa, wasimame kando ya mashine kama ulivyoeleza? Gharama za nakala za majaribio zitakuwa juu ya chuo.